Bomba la gesi la Tanga na Mombasa: likikaa tupu, nani analipa?

Swali:

"Shikamoo mzee wangu. Nina tanuri la chokaa Kiomoni, Tanga. Tunachoma kwa mafuta mazito, tunatoa chokaa tani kama 20 kwa siku tanuri likiwa sawa, na kila mafuta yakipanda bei faida yote inaishia kwenye tangi. Tangu 2021 tunasikia gesi asilia itatoka Dar es Salaam kwa bomba, ipite Tanga mpaka Mombasa. Shemeji yangu anasema bomba lenyewe ndilo hili la Chongoleani. Jirani anasema tukiwauzia Wakenya gesi, sisi tutarudi kwenye mgao wa umeme. Mwingine ananiambia la Mtwara lenyewe halijajaa, sasa tunakopa tena la nini? Nipo njia panda: nibadilishe vichomeo viwe vya gesi sasa au nisubiri? Na kuna madalali wanazunguka shamba la marehemu baba kule Muheza, wanasema bomba litapita pale, tuuze mapema. Naomba unieleweshe taratibu, mimi si mtu wa mahesabu makubwa."

Jibu:

Marahaba mwanangu, na pole kwa kazi ya moto. Umeuliza mengi, ila nikiyasoma pamoja naona hofu moja: unaogopa kuweka fedha zako kwenye kitu ambacho huenda kisije, au kikija kikukatikie katikati ya msimu. Hofu hiyo wanayo pia mawaziri wa fedha na mabenki wanaoombwa mkopo wa bomba lenyewe. Tofauti ni kwamba wao wana wanasheria wa kuiandika kwenye mkataba. Kwa hiyo nitakujibu kama ninavyowajibu wao, kwa hesabu ndogo tu ambazo unaweza kuzirudia kwenye daftari lako.

Kwanza tumalize la shemeji. Bomba la Chongoleani ni la mafuta ghafi. Linatoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, na limefungwa mitambo ya kupasha joto kwa sababu mafuta ya Uganda huganda yakipoa. Halitapitisha gesi ya kuchomea chokaa yako, leo wala kesho. Bomba la gesi unalolisikia ni mradi mwingine kabisa. Tarehe 4 Mei 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipokuwa Nairobi na Rais Uhuru Kenyatta, nchi hizi mbili zilitia saini makubaliano ya kushirikiana kusafirisha gesi asilia kwa bomba kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa. Rais Ruto alipokuja Dar es Salaam Oktoba 2022 aliitaka kazi hiyo iharakishwe. Makubaliano ya aina hiyo ni nia njema iliyoandikwa. Baina yake na siku ya kuchimba mtaro kuna upembuzi yakinifu, mikataba ya mauzo, fedha, fidia na vibali, na miradi mingi duniani imekaa hapo katikati miaka kumi na zaidi.

Kosa la pili ni la wengi, hata wasomi. Tunasikia Tanzania ina gesi futi za ujazo trilioni 57, tunadhani zipo kwenye bomba zinasubiri mteja. Karibu trilioni 47 kati ya hizo zipo chini ya bahari ya kina kirefu, mbali na pwani ya Lindi na Mtwara, na hazitatoka mpaka mradi wa kusindika gesi kuwa kimiminika pale Lindi ukubaliwe na wawekezaji, mradi wa makumi ya mabilioni ya dola. Gesi inayotuwashia taa leo inatoka Songo Songo, iliyogunduliwa 1974, na Mnazi Bay, iliyogunduliwa 1982. Visima hivyo ni vya zamani, na kisima cha gesi ni kama mpira uliojaa upepo: kadiri unavyotoa, ndivyo msukumo unavyopungua. Ntorya kule Mtwara ndicho chanzo kipya kilicho karibu, na kinahitaji bomba lake fupi hadi kiwanda cha kuchakata cha Madimba. Hivyo mtu akikuambia "gesi ipo", muulize ipo wapi: ardhini, kisimani, kiwandani au bombani. Anayechoma chokaa anahitaji ya bombani.

Sasa tuingie kwenye bomba lenyewe, maana hapa ndipo majibu yako mengi yalipo.

Bomba lina tabia mbili zinazovutana. Ya kwanza: ukiongeza kipenyo chake mara mbili, msukumo ukibaki uleule, gesi inayoweza kupita huongezeka zaidi ya mara tano, wakati gharama ya chuma, kuchimba na kuchomelea haipandi kwa kasi hiyo. Ndiyo maana kila mhandisi anatamani bomba nene, na kwa hesabu ya kiwandani yuko sahihi. Tabia ya pili ni kwamba bomba likishafukiwa, gharama yake karibu yote imeshatumika. Lipite gesi lisipite, deni ni lilelile. Huwezi kulihamishia mji mwingine kama lori.

Tuchukue dola bilioni 1.1, kiasi kilichotajwa mara nyingi hadharani kwa bomba la Dar hadi Mombasa, kilomita 600 hivi. Tuseme zimekopwa kwa asilimia 10 kwa mwaka, zirudishwe kwa miaka 20, marejesho ya kila mwaka yakiwa sawa. Kila mwaka zinatakiwa dola milioni 129, na hapo bado hujamlipa mlinzi wala fundi. Gesi ikipita futi za ujazo milioni 200 kwa siku, deni hilo linaangukia kila futi elfu moja kwa dola 1.77. Ikipita milioni 100, ni dola 3.54. Ikipita milioni 50 tu, ni dola 7.08. Hiyo ni nauli ya kupita bombani, gesi yenyewe bado hujainunua.

Sasa rudisha gesi kwenye milioni 100 kwa siku, ila tupate mkopo nafuu wa asilimia 6 badala ya 10. Nauli inashuka kutoka 3.54 hadi 2.63. Umeona? Kushusha riba kwa pointi nne, jambo ambalo ujumbe mzima wa serikali unaweza kuzunguka dunia mwaka mzima kulitafuta, kunaokoa senti 91. Kupata wateja wa kuongeza gesi mara mbili kunaokoa dola 1.77. Nimekaa kwenye vikao vingi ambavyo siku nzima inaishia kwenye riba na dakika za mwisho ndipo mtu anauliza nani hasa atanunua. Naamini kwa moyo wote kwamba mpangilio huo ungegeuzwa, tungekuwa na miradi michache zaidi na madeni machache zaidi.

Ndipo tunafika kwenye la Mtwara. Aliyekuambia halijajaa amesema kweli, ila ameeleza nusu tu. Bomba lile lilizinduliwa Oktoba 2015 na Rais Kikwete, likajengwa kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China, zaidi ya dola bilioni 1.2 pamoja na viwanda viwili vya kuchakata gesi, Madimba na Songo Songo. Lina uwezo wa futi milioni 784 kwa siku. Viwanda hivyo viwili kwa pamoja vina uwezo wa milioni 350, yaani hata vikifanya kazi kwa nguvu zote haviwezi kulijaza nusu. Taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali katika miaka ya mwanzo zilionyesha linatumika kwa sehemu ndogo sana ya uwezo wake. Mkopo haukusubiri. Wakati huohuo tukumbuke kwamba kwa miaka kadhaa gesi ilikuwa inazalisha zaidi ya nusu ya umeme wa nchi, na bila bomba hilo mitambo ya umeme wa gesi ya Kinyerezi, Dar es Salaam, isingekuwa ilivyo. Lilitutoa kwenye mitambo ya dharura ya mafuta iliyokuwa inalinyonya shirika la umeme. Kosa halikuwa kujenga. Kosa lilikuwa kujenga uwezo wa kesho kwa mkopo unaodai leo, bila wateja wa viwandani kuandaliwa mapema. Na watu wa Mtwara walioandamana mwaka 2013 wakiuliza wao watapata nini gesi ikiondoka walikuwa wanauliza swali la mipango, ingawa lilijibiwa kama swali la usalama, na watu walipoteza maisha.

Halafu limekuja Bwawa la Nyerere kwenye Rufiji, megawati 2,115. Maji yakiwa mengi, mitambo ya gesi inapumzishwa na bomba linazidi kuwa jepesi. Mwaka wa ukame, kama 2006, 2011 na 2022 tulivyoona, tutaihitaji gesi hiyo yote kwa ghafla. Hapa pana jambo ambalo wapangaji wengi hulikwepa kwa sababu linasumbua: gesi inayotumika miaka mitatu kati ya kumi bado inabidi ilipiwe bomba lake miaka yote kumi. Hiyo ni bima, na bima ina ada. Ada hiyo ikiandikwa wazi kwenye bei ya umeme, wananchi wanaweza kuijadili. Ikifichwa kwenye deni la shirika, itaibuka siku moja kama "hasara".

Tuangalie upande wa Mombasa kwa macho hayohayo. Futi milioni moja za gesi kwa siku, zikichomwa mfululizo, zinatoa megawati nne hadi sita kutegemea mtambo. Mtambo wa umeme wa mafuta wa Kipevu III ni megawati 120, wa Rabai 90. Hata vikibadilishwa vyote vichome gesi usiku na mchana, vitakula futi milioni 40 hivi kwa siku. Lakini Kenya haiwashi mitambo ya mafuta usiku na mchana. Umeme wake mwingi unatoka kwenye jotoardhi ya Olkaria, maji, upepo na jua, na mafuta huwashwa zaidi saa za jioni. Kiwanda cha saruji kinachochoma klinka (mawe ya saruji kabla ya kusagwa) tani milioni moja kwa mwaka kinahitaji futi milioni 8 hadi 10 kwa siku. Jumlisha Mombasa yote, ongeza saruji ya Tanga, ongeza matanuri yenu ya chokaa: utafika mahali pazuri, ila hutafika milioni 200 bila mtambo mpya mkubwa wa umeme wa gesi Mombasa au kiwanda cha mbolea. Huyo mnunuzi mkuu ndiye ufunguo. Bila saini yake, bomba la Mombasa lipo kwenye ramani tu.

Sasa neno "usalama wa ugavi", ambalo kila hotuba ya bomba huwa nalo. Watu hulielewa kama kuwa na bomba. Mimi hulipima kwa swali moja: ng'oa kipande kikubwa kuliko vyote, kiwe kiwanda, kisima au bomba, kisha uone kama vilivyobaki vinaweza kuhudumia hospitali, umeme na viwanda siku mbaya kuliko zote. Gesi haikai kwenye tangi kama mafuta yako mazito. Iliyomo ndani ya bomba lenyewe ndiyo akiba, na kwa bomba kama hili ni ya siku moja au mbili, basi.

Ghana walijifunza hili kwa machozi. Mwaka 2003 Nigeria, Benin, Togo na Ghana walitia saini mkataba wa bomba la Afrika Magharibi, kilomita 678, sehemu kubwa chini ya bahari. Lilipangwa kwa uangalifu: kampuni moja ya nchi zote, msimamizi mmoja wa pamoja, dhamana za Benki ya Dunia. Agosti 2012 nanga ya meli ililirarua karibu na Lomé, na gesi haikupita kwa karibu mwaka mzima. Waghana waliingia kwenye mgao wa umeme ambao wana jina lake, dumsor, zima-washa. Na hata kabla ya nanga, gesi ilikuwa ikija pungufu ya mkataba, mara kwa matatizo ya mabomba ya Nigeria, mara kwa madeni ya Ghana yenyewe. Walichofanya baadaye ndicho ninachotaka ukishike. Waliendeleza gesi yao wenyewe, Atuabo, kisha Sankofa iliyoanza 2018 ikiwa imevutwa na dhamana ya Benki ya Dunia ya dola milioni 700. Lakini kwa uoga wa kukosa, waliahidi kulipia gesi ya Sankofa hata wasipoichukua, na mitambo ya kuichoma pamoja na njia ya kuifikisha Tema, mashariki mwa nchi, haikuwa tayari. Wakawa wanalipia gesi ambayo haijawasha taa. Dawa ilipatikana kwenye bomba lilelile la kale: kipande cha Takoradi hadi Tema kiligeuzwa kipeleke gesi kutoka magharibi kwenda mashariki. Bomba linaloweza kwenda pande zote mbili lina thamani kubwa kuliko linaloonekana kwenye makaratasi yake.

Mfano wa Msumbiji umekaa kinyume. Bomba la kutoka Temane hadi Secunda, Afrika Kusini, kilomita 865, lilianza 2004 likiwa na mnunuzi mmoja mkubwa anayejulikana, Sasol, ambaye pia alikuwa mjenzi. Serikali zote mbili baadaye zilikuwa na hisa. Walianza kwa kiasi, mahitaji yalipokua wakaweka kompresa, mashine ya kuisukuma gesi, pale Komatipoort, kisha wakaongeza mabomba sambamba vipande kwa vipande. Kifedha ni darasa. Lakini chanzo kilikuwa kimoja, na sasa visima vinachoka, viwanda vya Afrika Kusini vilivyozoea gesi hiyo vinahangaika vitakula nini. Mradi unaweza kulipa madeni yake vizuri na bado usiwe salama.

Ndiyo maana naliheshimu swali la jirani yako kuhusu mgao, ingawa simuungi mkono moja kwa moja. Sera ya Gesi Asilia ya Tanzania ya 2013 inaweka soko la ndani mbele ya mauzo ya nje. Ni kinga nzuri kwetu. Ila jiweke kwenye kiti cha Mkenya anayetaka kubadilisha mtambo wake: kinga yetu ndiyo hatari yake. Jordan waliegemea gesi ya Misri kwa sehemu kubwa ya umeme wao. Kuanzia 2011 bomba la Sinai likalipuliwa mara nyingi, na Misri yenyewe ikaanza kupungukiwa. Jordan walirudi kwenye dizeli, shirika lao la umeme likazama kwenye madeni, mpaka walipoweka meli ya kupokea gesi ya kimiminika Aqaba mwaka 2015. Mnunuzi yeyote wa Mombasa anaijua hadithi hiyo, au benki yake inaijua.

Njia ya haki ni kukubaliana mapema, kwa maandishi, kwamba gesi ikipungua kila upande unapunguziwa kwa uwiano, isipokuwa hospitali na huduma chache zilizotajwa kwa majina. Na fedha za mauzo zitengewe visima vipya. Gesi ikiuzwa nje kwa bei inayolipia kuchimba zaidi, ya ndani inaongezeka. Ikiuzwa kwa bei ya kisiasa huku visima vinazeeka, jirani yako atakuwa sahihi. Usichokiona kwenye magazeti ndicho muhimu: bei, muda, na kifungu cha upungufu.

Na fedha zitatoka wapi? Zamani jibu lilikuwa rahisi: bomba la kwanza la Songo Songo, lililoanza 2004, lilipata fedha za Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Benki hiyo ya Ulaya imeacha kufadhili miradi ya aina hii tangu mwisho wa 2021, na kwenye mkutano wa tabianchi kule Glasgow mwaka huohuo nchi kadhaa ziliahidi kutotoa fedha za umma kwa miradi ya mafuta na gesi nje ya mipaka yao. Bomba la Hoima limelazimika kutegemea sana mitaji ya wenye hisa, na mkopo wake wa kwanza wa nje, Machi 2025, ulitoka kwa mabenki ya kanda kama Afreximbank, Stanbic na KCB. Mkopo wa kibiashara wa namna hii ni ghali kuliko wa zamani. Kwa hiyo ile hesabu yangu ya asilimia 10 sikuikuza nikutishe.

Serikali inaweza kukopa yenyewe kama ilivyofanya Mtwara, na hapo bomba likikaa tupu analipa mlipakodi, wewe na mimi. Inaweza kuundwa kampuni ya pamoja ya TPDC (shirika letu la maendeleo ya petroli), upande wa Kenya na wawekezaji, ikakopa kwa nguvu ya mikataba ya wateja, na hapo likikaa tupu anaanza kuumia mwenye hisa. Njia hii ya pili ni ngumu na ya taratibu. Naipenda kwa sababu hiyohiyo: mwenye fedha zake hakubali kuchimba kabla hajaona wateja. Dhamana ya taasisi kubwa inasaidia kushusha riba, lakini dhamana haijengi bomba. Inamhakikishia mkopeshaji kwamba shirika la umma likishindwa kulipa, mwingine atalipa, kisha atamgeukia mlipakodi.

Ukiniuliza ningefanya nini mimi, nitakuambia bila kuzunguka. Kenya ningeiuzia umeme kwanza. Waya wa kilovolti 400 kutoka Singida kupitia Namanga hadi Isinya uliunganishwa mwishoni mwa 2024, upo tayari. Gesi ikichomwa Kinyerezi na kupelekwa kama umeme, hatuhitaji kilomita 600 za chuma kuanza biashara. Tanga ningeifikia kwanza kwa malori ya gesi iliyoshindiliwa, CNG, ili viwanda vizoee na tujue kwa risiti, si kwa makadirio, nani ananunua kiasi gani. Saruji, chokaa na viwanda vingine vikisaini vya kutosha, bomba la Dar hadi Tanga lijengwe, likiwa na nafasi ya kuongezewa kompresa, na liunganishwe kwa namna ambayo linaweza kurudisha gesi kusini siku Mombasa itakapokuwa na chanzo chake. Kipande cha Mombasa kifuate mnunuzi mkuu akishaweka saini. Wapo wenzangu wanaoona mpango huu una woga, kwamba bomba ndilo linaloleta viwanda na ukisubiri viwanda hutajenga kamwe. Wana hoja, na Dangote kuichoma gesi kiwandani kwake Mtwara baada ya bomba kuwepo ni ushahidi wao. Mimi nahofia zaidi deni la miaka 20.

Sasa tanuri lako. Tani 20 kwa siku, kwa tanuri la kawaida la kwetu, zinahitaji gesi kama futi za ujazo laki moja na elfu kumi kwa siku. Kwa bomba la kimataifa hicho ni kijiko. Bomba halitajengwa wala kukwama kwa ajili yako, na hilo lisikuvunje moyo, kwa sababu udogo huo ndio unaokupa uhuru: lori moja la mitungi ya CNG linaweza kukuchukua siku mbili hivi. Usinunue vichomeo vya gesi pekee kwa ajili ya bomba lisilo na tarehe. Vichomeo vyako vikifika muda wa kubadilishwa, nunua vinavyochoma mafuta na gesi vyote viwili. Vitagharimu zaidi kidogo, lakini utabaki na tangi lako la mafuta kama akiba, nao huo ndio usalama wa ugavi kwa kiwango cha tanuri. Zungumza na wenye matanuri wenzako Kiomoni na Amboni, mwende TPDC mkiwa na orodha moja ya mahitaji ya kila siku. Mtu mmoja anayeomba gesi hupewa fomu. Matanuri kumi yenye takwimu za mwaka mzima ni mteja.

Ila kubadilisha moto wenyewe si kazi ya kusoma kwenye simu. Gesi ikivuja chumba kikiwa kimefungwa, cheche moja inaua. Kabla hujaagiza chochote, mwite mhandisi aliyesajiliwa aje aone tanuri, mabomba ya ndani, umbali wa tangi la mafuta na njia ya hewa, na uhakikishe msambazaji wa gesi ana leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

La shamba la Muheza ndilo lenye haraka kuliko yote. Msiuze kwa maneno ya dalali. Njia ya bomba, ule mkuza, hutangazwa rasmi, na watu wa upimaji hupita na mwenyekiti wa kijiji akijua. Ikifika hapo, uthamini hufanywa na mthamini aliyesajiliwa na kuidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, na mna haki ya kuuona kabla ya kusaini. Mara nyingi kinachochukuliwa ni ukanda tu, siyo shamba zima. Lakini umesema shamba ni la marehemu baba. Kama hamjafungua mirathi, hata fidia halali itakwama, na ndugu mmoja anaweza kuuza kwa siri mkaishia mahakamani. Kaeni kikao cha ukoo, mteue msimamizi wa mirathi, mwende Mahakama ya Mwanzo na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao. Kisha mpite ofisi ya ardhi ya wilaya mjue mipaka na nyaraka za shamba zikoje. Dalali akirudi na karatasi ya kusaini, aipeleke kwanza kwa wakili mtakayemchagua ninyi.